Tozo ililipwa na nani? Shajara ya mradi wa madaftari ya mawakala

4 Machi

Swali limekaa sawa sasa. Msimamizi amelipunguza mpaka limebaki mstari mmoja: tozo ya miamala ya pesa kwa simu iliyoanza Tanzania 15 Julai 2021 ililipwa na nani? Sheria inajibu haraka, kwamba ni anayetuma na anayetoa. Lakini aliyetajwa na sheria na aliyepungukiwa mfukoni si lazima wawe mtu mmoja. Ushuru wa dizeli unakatwa kwenye mafuta ya lori, halafu anayeulipa anaweza kuwa mnunuzi wa nyanya pale Ilala ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki.

Naweka mtiririko wa matukio hapa nisiurudie kila nikifungua faili. Sheria ya Fedha ya 2021 ilileta tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa, kulingana na kiasi. Watu walilalamika kila kijiwe, na Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000, ila wavu ukatanuliwa hadi kwenye benki. Oktoba 2022 baadhi ya miamala ya benki ikaachiwa. Julai 2023 tozo ya kutuma ikafutwa, ya kutoa ikabaki.

Kwa mwananchi ilikuwa kero. Kwa mtafiti ni bahati isiyo ya kawaida: bei moja imepanda ghafla, ikashuka, ikashuka tena, halafu ikafutwa upande mmoja tu. David Card, Joshua Angrist na Guido Imbens walipata Nobel ya uchumi ya 2021 kwa kuonyesha namna ya kusoma matukio ya aina hii ambayo hakuna mtafiti aliyeyapanga.

11 Machi

Niliomba takwimu za miamala kwenye kampuni moja ya simu. Jibu limekuja: barua imepokelewa. Basi.

Takwimu za jumla zinazochapishwa na Benki Kuu zinaonyesha idadi na thamani ya miamala kwa nchi nzima. Zinafaa kwa sura ya utangulizi, lakini haziwezi kunijibu nani alibeba mzigo. Ninahitaji muamala mmojammoja, na kiasi chake hadi shilingi mia ya mwisho. Chanzo kilichobaki ni kile kilichokuwa machoni petu siku zote: daftari la wakala wa pesa za simu. Kila wakala anatakiwa kuandika tarehe, jina, namba, kiasi, na kama mteja ameweka au ametoa. Wengi wanaandika. Wengine wanaandika jioni kwa kukumbuka, na hao nitawatambua, maana mwandiko wa siku nzima unakuwa wa kalamu moja na mkono uliochoka.

Barua za kibali: chuo, mkoa, wilaya, kata, mtaa. Mwenyekiti wa mtaa mmoja ameuliza kama nimetumwa na watu wa kodi. Nimemwachia nakala ya maswali yote aisome kwa nafasi yake.

19 Machi

Manzese, kibanda cha mama mmoja aliyeanza uwakala tangu enzi ambazo mtandao mmoja haukupeleka pesa kwenye mtandao mwingine. Nimemwamkia, akaitikia, akaendelea kuhudumia watu kwa muda mrefu kabla ya kunipa nafasi. Vitochi vinne mezani, kila kimoja na laini yake ya wakala, vimefungwa mpira wa rangi tofauti asichanganye floti, ile pesa ya mtaji iliyo kwenye kila laini. Nikamweleza ninachotafuta.

"Mwanangu, unataka ya mwaka huo wa tozo?"

"Ndiyo mama, kama yapo."

"Yapo. Mimi situpi daftari. Siku mtu akija kunidai kwamba hakupokea, nitamwonyesha nini?"

Yamo kwenye sanduku la bati chini ya meza, yamepangwa kwa mwaka. Kwa jirani yake hali ni nyingine: ya 2021 yaliishia kwa muuza karanga. Hili lazima liingie kwenye andiko, kwa sababu madaftari yaliyopona si sampuli ya madaftari yote. Ni ya mawakala wenye utaratibu, waliodumu kwenye biashara hata kamisheni ilipoyumba. Walioachia meza Agosti 2021 hawamo, na huenda ndio walioumia kuliko wote. Kwa hiyo nikikuta athari ndogo kwenye idadi ya miamala, nisijigambe kwamba tozo haikuwa na madhara.

Suala la taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, majina na namba za simu za wateja wa Manzese hazinihusu. Tumekata ukanda wa manila wenye upana wa safu ya jina na namba. Unalazwa juu ya ukurasa, wakala mwenyewe anaushika kwa kidole, ndipo picha inapigwa. Inachelewesha kazi, lakini mama wa Manzese alipouona ndipo alipolegea na kututolea la mwaka unaofuata.

2 Aprili

Mvua. Kariakoo haikuingilika, tumekaa ndani kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Watu wawili wanaingiza ukurasa uleule kila mmoja kwa wakati wake, kisha programu inatuonyesha wanapotofautiana. Tofauti nyingi ni za tarakimu 1 na 7. Hakuna la ziada.

9 Aprili

Histogramu ya kwanza ya pesa zilizotolewa, yaani grafu ya kila kiasi kimetolewa mara ngapi. Haifanani kabisa na mkunjo laini wa vitabuni. Ni uzio wa miti iliyosimama mbalimbali: 10,000, 20,000, 50,000, 100,000. Katikati ya miti, karibu patupu. Mtu anatoa alichoombwa, au kile anachokwenda kulipa, na noti kubwa kuliko zote tuliyonayo ni msimbazi, ya elfu kumi. Kwa hiyo wanatoa kwa misimbazi.

Kwa nini hili ni tatizo? Makato ya kutoa yamepangwa kwa madaraja. Kuanzia 50,000 unaingia daraja jipya. Ukitoa 49,000 unabaki la chini yake. Tozo nayo ilikuja kwa madaraja, ikavifanya vile vizingiti kuwa virefu zaidi. Wachumi wana njia ya kusoma vizingiti vya namna hii: kama watu wanavikwepa, utaona wamerundikana chini kidogo ya kizingiti na shimo limebaki juu yake. Ila hapa kizingiti kimekaa palepale penye namba ya mviringo. Tozo inamsukuma mteja ashuke chini ya 50,000, noti zinamvuta abaki 50,000. Nikipima rundo bila kutenganisha hivi viwili, nitakuwa napima mazoea ya noti na kuyaita tabia ya kodi.

Wachumi Kleven na Waseem walikutana na jambo hili kwenye kodi ya mapato ya Pakistan, na makala yao ya 2013 inaeleza namna walivyoziondoa namba za mviringo kwanza. Njia yao ninaitumia, lakini nimeongeza ulinganisho rahisi ambao hata mtu asiyejua hesabu za juu ataufuata. Sio kila namba ya mviringo imekaa mwanzo wa daraja. 50,000 na 100,000 zimekaa mwanzoni. 70,000 na 150,000 ziko katikati ya madaraja yao. Mvuto wa noti ni uleule kwa makundi yote mawili. Kizingiti kiko kwa kundi moja tu. Basi nalinganisha badiliko la kundi la kwanza, kabla na baada ya 15 Julai 2021, na badiliko la kundi la pili. Tofauti ya tofauti, kama tulivyofundishwa, ila kundi linganishi si mkoa wala watu: ni namba.

Mwenzangu amesema ni ujanja mno. Nimemwambia angoje aone majibu.

14 Aprili

Majibu ya awali: 100,000 imepungua ikilinganishwa na 150,000. 50,000 haijasogea sana. Chini ya kizingiti kuna vichipukizi pale 99,000 na 95,000, lakini si kwa kila wakala. Vipo kwa mawakala walio karibu na masoko, kwa wengine hakuna kitu.

Mwanzoni nilifikiri wateja wa sokoni ni wajanja zaidi. Kaka mmoja wa Mbagala Rangi Tatu ameniweka sawa bila hata kunyanyua macho kwenye kitochi chake: "Chenji." Mteja akitaka kutoa 99,000, wakala lazima awe na noti ndogo za kumpa. Anayekaa pembeni ya wauza mboga anazo tangu asubuhi. Mwingine atamwambia mteja toa laki kamili, sina ndogo. Tena kamisheni ya wakala nayo ina madaraja, hana haraka ya kumshauri mtu ashuke. Kwa hiyo mwitikio wa kodi kwenye grafu yangu unategemea pia sarafu zilizomo kwenye kopo la wakala. Sijaliona hili kwenye makala yoyote niliyosoma, na limenifurahisha kuliko matokeo yenyewe.

23 Aprili

Leo ni siku ya kujipinga. Nimeandika kila kilichotokea karibu na tarehe ya tozo ambacho kingeweza kuleta picha ileile.

Eid el-Adha iliangukia siku chache baada ya 15 Julai 2021, na sikukuu hubadilisha kiasi ambacho watu hutuma nyumbani. Mafuta yaliongezewa shilingi 100 kwa lita kwenye bajeti hiyohiyo. Agosti kodi ya jengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wimbi la korona lilikuwa linaendelea. Chanjo zilizinduliwa 28 Julai. Juu ya yote kuna mshahara: nusu ya pili ya mwezi wowote haifanani na nusu ya kwanza, tozo iwepo isiwepo. Kulinganisha tarehe 1 hadi 14 na tarehe 15 hadi 31 ni kujidanganya.

Hapa ulinganisho wa namba kwa namba unalipa. Eid inaongeza utumaji, lakini sioni kwa nini iichukie 100,000 na kuipenda 150,000. Kodi ya jengo vivyo hivyo. Kilichobaki ni mshahara, na huo nimeutuliza kwa kulinganisha wiki ya mwezi na wiki ileile ya miezi jirani.

Mawakala wangu hawafiki ishirini. Miamala ni maelfu, lakini miamala ya meza moja inafanana, kwa hiyo idadi inayohesabika kitakwimu ni ya meza, si ya miamala. Kosa sanifu la kawaida, kile kipimo cha makadirio yanavyoweza kuyumba, litanipa uhakika wa uongo. Nimeendesha butstrapu ya makundi, njia ya kurudia hesabu mara nyingi kwa sampuli zilizotengenezwa upya, ile waliyoipendekeza Cameron, Gelbach na Miller mwaka 2008 kwa hali ya makundi machache. Matokeo ya 100,000 yamesimama. Ya 50,000 yameanguka, nami nimeyaacha yaanguke.

6 Mei

Mpaka sasa nilikuwa nimekodolea macho safu ya kutoa tu. Kuweka hakukuwa na tozo, nikakuona kama kundi linganishi la bure. Leo nimechora histogramu ya pesa zilizowekwa, kwa kutimiza tu wajibu, na imekuwa ndiyo siku ya mradi huu.

Uzio uleule upo, lakini miti ina mikia. Baada ya 50,000 kuna kijirundo kidogo mbele yake. Baada ya 100,000 kingine, kimesogea mbele zaidi. Baada ya 20,000 kipo karibu kabisa na mti.

Ya kutolea. Hakuna anayehitaji kuelezwa. Ukimtumia mama yako elfu hamsini halafu afike kwa wakala akatwe, hujamtumia elfu hamsini, na utaambiwa. Kwa hiyo unaongeza. Lakini kwa nini mkia uonekane kwenye kuweka, wakati anayetuma kwa simu yake hafiki kwenye daftari? Mama wa Manzese amenipa jibu, na lilikuwa kwenye daftari lake muda wote: herufi ndogo "m" pembeni ya baadhi ya mistari. M ni mkoani. Mteja anakuja na fedha taslimu, anataja namba ya ndugu aliyeko Songea au Kahama, na wakala anaweka moja kwa moja kwenye simu ya huko. Hakuna makato ya kutuma, hakuna tozo ya kutuma. Kampuni hazipendi na mawakala wengine hukataa. Mama anaweka alama ili kukitokea utata ajue pa kuanzia.

Hivyo mkia ni kiasi ambacho mtu wa Dar amelipa kwa ajili ya mkato utakaotokea Songea. Tozo ya kutoa iliyoandikwa kwa jina la anayepokea, nimeikuta kwenye mfuko wa anayetuma, kwa shilingi, imeandikwa kwa kalamu ya bluu.

Ukanda wetu wa manila unaificha namba ya simu, kwa hiyo siwezi kuhakikisha mwenyewe kwamba muamala ni wa mkoani. Ninategemea "m" pale ilipo. Nitaishi na hilo, ukanda hautoki.

15 Mei

Ili kuupima mkia nahitaji majedwali ya makato ya kila kipindi. Yaliyopo kwenye intaneti ni ya sasa. Ya zamani nimeyapata Tandale, kwenye ukuta wa kibanda cha mbao: kila makato yanapobadilika, bango jipya linabandikwa juu ya la zamani, na hakuna anayebandua. Tumebandua kwa maji na kisu cha mkate, kwa ruhusa ya mwenyewe, tabaka baada ya tabaka. La chini limeliwa na kombamwiko kwenye kona, lakini madaraja yanasomeka. Mwenye kibanda amesimama pembeni akiwaeleza wapita njia kwamba chuo kimekuja kununua ukuta.

Kanuni ya kupima: mkia ni halali ukianzia kwenye makato kamili ya kutoa, pamoja na tozo ya kipindi hicho, na kuishia kwenye mia tano inayofuata. Watu hawahesabu hadi shilingi kumi, wanafunga kwa jero.

27 Mei

Semina ya idara. Swali zuri lilitoka kwa mzee mmoja wa viti vya nyuma: utajuaje kwamba mkia ni ya kutolea na si chenji tu ambayo mtu ameamua kuiweka? Nilikuwa nimejiandaa. Chukua majedwali yasiyo ya kipindi husika, uone kama mikia inalingana nayo. Kama ni chenji tu, jedwali lolote litalingana sawa. Hailingani sawa. Mikia ya kabla ya Julai 2021 inafuata bango la chini kabisa, na baada ya hapo inahama kuelekea bango la juu yake. Haikuhama siku hiyohiyo. Kwa wiki kadhaa watu waliendelea kuongeza ya kutolea ya zamani, na kwa wiki hizo anayepokea ndiye aliyebeba pengo. Halafu taarifa zikafika, nadhani kwa simu za lawama, na mkia ukarefuka.

Hapo ndipo jibu la swali letu linaanza kuonekana. Nadharia inasema mzigo wa kodi huangukia upande usio na pa kukwepea. Mtoto aliyeko mjini hana pa kukwepea.

Kilichonitatiza ni Septemba. Tozo ilishuka kwa asilimia 30, mikia mingi haikufupika. Mwenzangu alikimbilia kwa mchumi Robert Bacon, aliyeandika mwaka 1991 kwamba bei ya petroli Uingereza hupanda kama roketi na kushuka kama unyoya. Inawezekana. Lakini kuna maelezo rahisi zaidi: asilimia 30 ni ya tozo peke yake, makato ya kampuni ya kutoa yalibaki palepale, na kwa miamala midogo nafuu yote haikutosha kuvuka jero moja. Kama ni hivyo, mikia ya pesa kubwa ingefupika na ya pesa ndogo isifupike. Nimeangalia. Kuanzia laki na kuendelea imefupika, chini ya hapo imekaa. Kwa hiyo Bacon asubiri kwanza.

3 Juni

Sura ya tatu inaandikwa upya. Mikia inakuja mbele, vizingiti vya kutoa vinakwenda nyuma, na jambo la chenji linabaki na kifungu chake chenyewe hata kama msimamizi anaona ni pambo.

Jaribio lililobaki ni la Julai 2023. Kutuma kulipoachiwa tozo, kishawishi cha kuweka moja kwa moja kwenye simu ya mtu kilipungua, ingawa makato ya kampuni ya kutuma bado yapo. Ninatarajia alama za "m" zipungue kwa mama wa Manzese, na mikia iliyobaki isibadilike urefu, kwa sababu ya kutoa haikuguswa. Mikia ikifupika, kuna kitu sijakielewa kuhusu tabia hii na itabidi nirudi mezani.

Madaftari ya mwaka huo tunayo ya meza chache. Kaka wa Mbagala anasema ya kwake yapo juu ya kabati la shemeji yake, na shemeji amesafiri na funguo hadi Jumamosi.